Mérida kwa miguu katika miezi ya baridi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kwenda Mérida, Yucatán, kati ya Desemba na Februari, apange nyumba mjini na kuujua mji kwa nyayo zake. Anayetafuta ratiba ya siku mbili ataona baadhi ya majibu yanamkera. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, kwa hiyo mkonge utajitokeza zaidi ya ulivyotarajia. Lawama si zangu peke yangu, maana majumba utakayokwenda kuyashangaa kule yalijengwa kwa katani.

Ni Mérida ipi hasa?

Ziko tatu zinazojulikana: ya Hispania, ya Venezuela na hii ya Meksiko. Yetu ni makao makuu ya jimbo la Yucatán, kusini-mashariki mwa Meksiko. Wahispania wa Francisco de Montejo kijana waliiasisi tarehe 6 Januari 1542 juu ya mji wa Wamaya ulioitwa T'ho. Kwenye tiketi tafuta herufi MID.

Kwa nini miezi ya baridi? Kwani kule kuna baridi?

Baridi ya kuvaa sweta, tena usiku tu. Mchana wa Januari huwa kwenye nyuzi 28 hadi 30, na usiku hushuka hadi 17 au 18. Kwa mtu wa pwani yetu hiyo ni Julai, ile ambayo watu wanasema jua limepoa. Shida ya Mérida ni Aprili na Mei, joto linapofika nyuzi 38 na kuendelea, ukuta wa nyumba unachoma kiganja na hakuna anayetembea saa saba mchana ila mbwa na mgeni. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni mvua, na kipindi hicho chote kimo ndani ya msimu wa vimbunga.

Jambo la kujiandaa nalo ni ule upepo wa kaskazini wanaouita norte. Unavuma kutoka Ghuba ya Meksiko siku mbili au tatu, mbingu inakuwa ya kijivu, manyunyu yanaanguka, na nyuzi zinaweza kufika 13 alfajiri. Kaskazi yetu huleta joto, ya kwao huleta makoti. Utaona akina mama wamewafunika watoto kofia za sufu kwa hali ya hewa ambayo mtu wa Lushoto angeiita ya kawaida. Nyumba hazina vipasha joto na sakafu ni za vigae, kwa hiyo chukua soksi.

Nikae muda gani?

Wiki tatu ndiyo kiasi cha chini ninachoweza kukushauri kwa moyo mweupe. Kwanza, mji una mzunguko wa wiki: Jumatatu wana ngoma yao, Jumanne dansi ya wazee, Alhamisi nyimbo, Jumapili barabara inafungwa. Mzunguko wa kwanza unashangaa, wa pili unajua pa kukaa, wa tatu watu wanaanza kukujua. Pili, kodi ya mwezi mara nyingi huwa nafuu sana ukilinganisha na kulipa kwa siku, na wenye nyumba wengi hupunguza bei ukiomba kwa adabu. Tatu, saa za kutembea ni chache. Kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi utakuwa kivulini, upende usipende.

Mtaa gani ni mzuri wa kupanga?

Katikati ya mji wa zamani, ndani ya mwendo wa dakika ishirini kutoka uwanja mkuu, Plaza Grande. Kila mtaa wa zamani una kanisa lake, kiwanja chake chenye miti na mara nyingi soko dogo. Hiyo ndiyo alama ya kutafuta.

Santiago napenda kuliko mingine yote. Soko lake lina meza za chakula tangu asubuhi, na kiwanja kina mabenchi ya kutosha na wazee wenye habari. Santa Ana iko karibu na majumba ya Paseo de Montejo, ni nzuri lakini kodi iko juu na utasikia Kiingereza kingi. San Sebastián na La Ermita, kusini, zina utulivu na nyumba za chini zilizopakwa rangi, na wageni ni wachache. Mejorada iko upande wa mashariki, ina makumbusho ya muziki wa Yucatán, na usiku inalala mapema. San Cristóbal ni mtaa uliowahi kukaliwa na wenyeji wa asili waliokuja na Wahispania kutoka Meksiko ya kati, ndiyo maana haukuhesabiwa pamoja na mitaa ya Wamaya kama Santiago.

Uliza mambo mawili kabla ya kulipa: je, basi linapita mbele ya dirisha la chumba cha kulala, na je, kuna ua wa ndani? Nyumba za zamani zinaonyesha barabarani mlango na dirisha tu, uhai wote uko nyuma, kwenye ua. Mtu aliyekaa Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu hahitaji maelezo.

Anwani kama "Calle 60 x 57 y 59" inasomwaje?

Mitaa haina majina, ina namba. Namba shufwa huenda kaskazini kwa kusini, namba witiri huenda mashariki kwa magharibi. Anwani hiyo maana yake nyumba iko Mtaa wa 60, kati ya wa 57 na wa 59. Ile x inasomwa "por". Dereva wa teksi hajali sana namba ya nyumba, anataka kujua iko kati ya mitaa gani. Plaza Grande imezungukwa na 60, 61, 62 na 63, na ukishikilia namba hizo nne kichwani huwezi kupotea.

Kabla ya namba, watu walitambua pembe za mitaa kwa picha na vinyago: tembo, kikongwe, sura mbili. Vibao vyake viko ukutani hadi leo, vyekundu kwa vyeupe, juu ya usawa wa macho. Watoto wakienda nawe, wape kazi ya kuvihesabu.

Matembezi ya kwanza yaanzie wapi?

Plaza Grande, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wafagiaji wakiwa bado kazini. Keti kwenye vile viti vyeupe vya watu wawili vilivyopinda hivi kwamba mnatazamana mkiwa mmekaa bega kwa bega. Upande wa kusini ni nyumba ya ukoo wa Montejo, ya miaka ya 1540. Tazama mlango wake: askari wawili wa Kihispania wenye mikuki wamesimama juu ya vichwa vilivyokenua. Hakuna maelezo ya ukoloni yaliyo wazi kuliko jiwe hilo, na aliyelichonga alilipwa na waliosimama juu. Ndani sasa ni makumbusho, na kiingilio ni bure.

Mashariki ni kanisa kuu la San Ildefonso, lililojengwa kati ya 1561 na 1598. Ni miongoni mwa makanisa makuu ya kale kabisa katika bara la Amerika. Mawe yake mengi yalitoka kwenye mahekalu ya T'ho yaliyobomolewa. Ndani ni peupe, bila dhahabu unayoizoea kwenye makanisa ya Meksiko ya kati, na moja ya sababu ni kwamba waasi walilipora mwaka 1915, wakati wa mapinduzi. Mimi naliona linapendeza zaidi hivyo.

Kaskazini ni ikulu ya jimbo, ya 1892. Ingia, hakuna kiingilio. Ukutani kuna michoro mikubwa ya Fernando Castro Pacheco, mzaliwa wa mji huu: vita, biashara ya kuuza Wamaya, mikono ya mkata mkonge. Panda ghorofani ukakae na michoro hiyo. Usipige picha na kuondoka.

Kutoka hapo fuata Mtaa wa 60 kuelekea kaskazini. Utapita kanisa la Jesús, lililojengwa na Wajesuiti. Ukiutazama vizuri ukuta wake wa nje, utaona mawe machache yenye nakshi za Kimaya yaliyobaki yakichungulia. Kisha jumba la maonyesho la Peón Contreras la 1908, chuo kikuu, na uwanja wa Santa Lucía. Hapo pumzika. Santa Ana iko mitaa michache mbele, kisha inaanza Paseo de Montejo, lakini hiyo iwe siku nyingine.

Mimi ni mweusi. Watu watanitazama?

Watakutazama, hasa wazee na watoto, kisha watakusalimia. Wengi watadhani umetoka Kuba, kwa sababu Havana iko ng'ambo tu ya mlango wa bahari na Wakuba wako wengi mjini. Ukisema Tanzania au Kenya, mazungumzo yatahamia kwenye simba, na utavumilia.

Lakini ujue kwamba wewe si mtu wa kwanza. Waafrika walifika na Wahispania tangu mwanzo, wengi wao watumwa. Kanisa dogo la Santa Lucía, la karne ya 16, liliwekwa kwa ajili yao na machotara wao, na kiwanja chake kiliwahi kuwa makaburi. Leo hapo panawekwa viti vya muziki kila Alhamisi. Utumwa ulifutwa Meksiko mwaka 1829, chini ya Rais Vicente Guerrero, ambaye mwenyewe alikuwa na damu ya Kiafrika. Ukiwa unasubiri muziki uanze, una kitu cha kufikiria.

Ni kweli mkonge wa Tanga ulitoka huko?

Ni kweli, kwa njia ya kuzunguka. Mkonge uliolimwa kwa wingi kuizunguka Mérida huitwa henequén, Agave fourcroydes. Wetu ni ndugu yake, Agave sisalana, nao asili yake ni Meksiko, na umepewa jina la Sisal, bandari ndogo ya Yucatán ambako katani ilipakiwa melini. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja, akaipata kupitia Florida. Iliyofika Tanga hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutoka hapo tukapata mashamba, reli zake, korona zake (mashine za kuchana majani) na manamba wake, vibarua wa mikataba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Upande wa Mérida, utajiri ulikuja na mashine za kuvunia ngano za Marekani. Mashine hizo zilifunga miganda kwa kamba, kamba ilitoka Yucatán, na ghafla wenye mashamba wakawa wanasomesha watoto Paris. Ndio waliojenga Paseo de Montejo, barabara iliyoanza kutengenezwa mwaka 1888, pana, yenye miti pande zote na majumba ya mtindo wa Kifaransa. Tembea hapo asubuhi, ukianzia Palacio Cantón, ambalo sasa ni makumbusho, hadi zile nyumba mbili pacha. Moja ya hizo pacha imefunguliwa kwa wageni, na ndani utaona vigae, vioo na samani zilizovuka bahari.

Waliokata majani hawakukaa huko. Walikuwa Wamaya waliofungwa kwa madeni ambayo hayakuisha, madeni yaliyorithiwa na watoto. Walikuwa Wayaqui waliohamishwa kwa nguvu kutoka Sonora, kaskazini kabisa ya nchi. Mwaka 1905 wakaletwa Wakorea karibu elfu moja kwa mikataba ya miaka minne. Aliyesikia habari za manamba kutoka kwa babu yake ataelewa bila mkalimani.

Kisha nini? Katani ya Afrika Mashariki na ya Brazili ikavunja bei, Rais Lázaro Cárdenas akagawa mashamba kwa wakulima mwaka 1937, na plastiki ikamaliza kilichobaki, kwao na kwetu. Ukitaka kuona kazi yenyewe ikifanyika, kuna hasienda, yaani shamba kubwa la zamani, ya Sotuta de Peón, kusini mwa mji, ambako wanakusombea majani kwa vitoroli vinavyovutwa na nyumbu juu ya reli nyembamba. Nilipousikia ule mlio wa mashine ikichana majani, na ile harufu kali ya maji ya kijani, sikuhitaji kuambiwa niko wapi. Yaxcopoil, njiani kuelekea Uxmal, ni hasienda iliyokufa na kuachwa jinsi ilivyo. Kwa maoni yangu inasema mengi zaidi.

Chakula kikoje? Na mimi ni Mwislamu.

Nianze na tahadhari kwa sababu hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Chakula maarufu cha Yucatán, cochinita pibil, ni nguruwe. Anapakwa biksa, ile ile inayolimwa Kwale, pamoja na maji ya danzi na viungo, anafungwa kwa majani ya mgomba na kuokwa kwenye tanuri la shimo ardhini. Poc chuc ni nguruwe. Castacán ni nguruwe. Maharage, hata yakionekana yasiyo na hatia, mara nyingi yamepikwa kwa mafuta ya nguruwe. Kwa hiyo panucho, ile tortila ya mahindi iliyojazwa maharage katikati, ulizia kwanza, hata kama juu ameweka bata mzinga. Neno la kuuliza ni "manteca". Ukisikia ndiyo, agiza salbut, ambayo haina maharage ndani, lakini ulizia mafuta iliyokaangiwa vilevile.

Mambo mazuri yamebaki mengi. Bata mzinga ndiye nyama ya heshima ya Wamaya tangu kale, ingawa uchinjaji hautakuwa wa kwako. Samaki wapo kila soko, maana bahari iko kilomita kama 35 tu. Papadzules ni tortila zenye mayai ya kuchemsha ndani na mchuzi wa mbegu za maboga juu. Wahamiaji wa Kilebanoni walioanza kufika mwishoni mwa karne ya 19 waliacha kibi, vidonge vya ngano na nyama vya kukaanga, na zinauzwa barabarani kwenye masanduku ya vioo kama kitu cha wenyeji. Ukipanga nyumba yenye jiko, soko la Lucas de Gálvez litakupa mapapai, maparachichi, mastafeli, ukwaju, mihogo, viazi vitamu, na pilipili ambayo wewe unaijua kama mbuzi. Wao wanaiita habanero na wanajisifu nayo. Mpe muuzaji nafasi ya kukuonya, kisha kula bila kutoa jasho. Ni heshima kwa taifa.

Asiye na masharti ya dini ale cochinita asubuhi, hasa Jumapili, kwenye mkate au tortila, na vitunguu vyekundu vilivyolowekwa kwenye maji ya danzi. Kufika saa tano ni kuchelewa. Mchana tafuta supu ya lima, tunda la jamii ya ndimu.

Usiku kuna marquesita: mkate mwembamba mkavu uliokunjwa kama mkeka, ndani jibini ya Kiholanzi iliyokwaruzwa. Jibini na utamu pamoja, mtu anaguna kwanza, halafu anarudi kesho yake. Barafu za matunda ziko Sorbetería Colón, duka lililoanza mwaka 1907.

Jioni kuna nini cha kufanya bila kulipa?

Kuna mengi mno, na haya ndiyo yanayonifanya niseme mji huu uendewe polepole. Jumatatu usiku, karibu na jumba la manispaa pale Plaza Grande, wanacheza jarana, wanawake wamevaa magauni meupe yenye maua ya kushonwa, na kuna wakati wanacheza na sinia au chupa kichwani bila kushika. Jumanne ni Santiago: bendi inapiga danzón na bolero, na wazee wanacheza. Wanaume wamepiga pasi mashati, wanawake wamebeba feni za mkono. Mgeni anakaribishwa kucheza, ila usiingie katikati kama hujui hatua, kaa pembeni ufuatishe.

Alhamisi ni Santa Lucía, nyimbo za trova, magitaa na mashairi ya mapenzi. Utaratibu huo umekuwepo tangu 1965. Mtu aliyelelewa na taarabu atashika haraka kinachoendelea: mshairi anatajwa, mtunzi wa muziki anatajwa, na hadhira inajua maneno. Fika saa moja kabla kama unataka kiti.

Jumamosi muziki uko mwanzo wa Paseo de Montejo. Jumapili asubuhi barabara hiyo inafungwa kwa magari na kuachiwa baiskeli, na Plaza Grande inajaa vibanda vya chakula na nguo. Saa na siku hubadilika wakati wa sikukuu, kwa hiyo tazama ratiba kwenye ofisi ya utalii pale pale uwanjani.

Sikukuu zipi zinaangukia miezi hiyo?

Tarehe 12 Desemba ni ya Bikira wa Guadalupe. Siku kadhaa kabla utawaona vijana wanakimbia barabarani na mienge, wengine pekupeku, wakitoka vijijini, na wengi humalizia kanisa la San Cristóbal. Kuanzia tarehe 16 hadi 24 ni posada za kuelekea Krismasi, na watoto hupita nyumba kwa nyumba na tawi lililopambwa wakiimba. Weka sarafu mlangoni. Usiku wa Krismasi familia zinajifungia, mikahawa mingi inafungwa, na mpangaji asiyenunua chakula mapema atashinda na biskuti.

Januari 6 ni siku ya Mamajusi na ni siku ya kuzaliwa ya mji pia. Mkate wa duara unakatwa, ndani kuna kisanamu cha mtoto, na atakayekipata anadaiwa tamale tarehe 2 Februari. Januari nzima kuna maonyesho ya sanaa ya kuadhimisha mji. Kanivali huja kabla ya Kwaresima.

Viza na ndege vikoje?

Raia wa Tanzania, Kenya na Uganda wanahitaji viza ya Meksiko, na ubalozi wao uko Nairobi. Nafuu kubwa ni kwamba mwenye viza halali ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au ya Schengen, au ukazi wa kudumu katika nchi hizo, anaruhusiwa kuingia Meksiko kama mtalii bila viza yao. Thibitisha na ubalozi kabla ya kukata tiketi. Idadi ya siku anaandika afisa wa uhamiaji uwanjani, isiyozidi 180, kwa hiyo uwe na anwani ya nyumba na tiketi ya kurudi mkononi.

Ukitokea kwetu, pitia Ulaya au Istanbul hadi Mexico City, kisha ndege ya ndani. Ukipitia Marekani unahitaji viza ya Marekani hata kama unabadilisha ndege tu. Walio Houston, Dallas na Miami wana ndege za moja kwa moja. Njia nyingine ni kushuka Cancún na kupanda basi la ADO, mwendo wa kama saa nne. Mabasi hayo ni mazuri na yana ubaridi wa kugandisha, kwa hiyo lile sweta lisiwe chini ya begi.

Tofauti ya saa ni tisa: Dar ikiwa saa tatu usiku, kule ni mchana wa saa sita.

Pesa?

Peso, taslimu. Kadi inafanya kazi kwenye maduka makubwa na mikahawa, lakini sokoni na kwa muuza marquesita hakuna kadi, na hakuna M-Pesa. Toa kwenye mashine iliyo ndani ya benki, mchana, na ukatae inapokuuliza kama ibadilishe kwa kiwango chake.

Kiingereza kinatosha?

Kwenye mikahawa ya Mtaa wa 60, ndiyo. Sokoni hapana. Jifunze Kihispania cha kununulia vitu na cha kusalimia, maana mwenyeji wa huko ni mtu wa salamu kwanza, biashara baadaye, na ukiingia duka bila "buenos días" utaonekana umelelewa vibaya. Sokoni utasikia pia Kimaya, lugha hai kabisa. "Bix a beel" ni habari yako. Ukiitamka kwa mama anayeuza mahindi, umempa habari ya kusimulia nyumbani.

Kuna usalama?

Yucatán ni miongoni mwa majimbo yenye mauaji machache kabisa Meksiko, na katikati ya Mérida watu hutembea na watoto saa nne usiku. Hatari yako halisi ni njia ya wapita kwa miguu: nyembamba, ndefu kwenda juu, imevunjika, ina nguzo katikati, na basi linapita sentimita chache kutoka begani. Tembea ukikabili magari. Usitembee huku unaangalia simu. Viatu viwe vya soli ngumu. Ndala ni za ndani.

Naweza kwenda na mama yangu mzee?

Mpeleke. Mji uko tambarare, hakuna kilima hata kimoja, na mabenchi yako kila mita mia chache. Panga nyumba inayotazama kiwanja ili matembezi yake ya asubuhi yasivuke barabara nyingi. Kwa safari za mbali kidogo tumia teksi za programu ya simu. Na jioni ya Jumanne usimnyime Santiago.

Maji ya bombani yananyweka?

Hapana. Kila nyumba ina dumu la lita 20, na likiisha analeta kijana wa baiskeli au duka la jirani. Maji yote ya mji hutoka chini, kwenye mwamba wa chokaa, kwa sababu sehemu hiyo ya Yucatán haina mto hata mmoja juu ya ardhi. Yanajitokeza kwenye visima vya asili viitwavyo cenote, na kuna duara zima la visima hivyo linalofuata ukingo wa shimo la kimondo cha Chicxulub, kile kilichowamaliza dinosaria. Mérida yenyewe imekaa ndani ya duara hilo.

Nitoke nje ya mji?

Mara moja kwa wiki inatosha. Izamal, mji mdogo uliopakwa rangi ya njano wote, kilomita kama 70. Celestún kwa heroe, na Desemba hadi Februari ndiyo msimu wao mzuri. Progreso kwa bahari na gati lenye urefu wa kilomita sita na zaidi. Uxmal kwa magofu ya Wamaya. Kati yake na Chichén Itzá mimi nachagua Uxmal bila kusita, kwa sababu utasikia ndege badala ya wauza filimbi. Usiigeuze Mérida kuwa kituo cha basi cha kulala tu.

Nyumba niliyopata ina ndoano ukutani. Za nini?

Za machela, kitanda cha wavu kinachoning'inizwa. Wenyeji wengi hulala humo, si kwa mapumziko tu bali usiku kucha. Usilale kwa urefu wake kama maiti kwenye jeneza, utaamka mgongo umekunjika. Lala mshazari, kichwa pembe hii na miguu pembe ile, nayo inanyooka. Usiku wa norte tandika blanketi chini yako pia, kwa sababu baridi inapenya kutoka chini.

Nirudi na zawadi gani?

Machela ya pamba, iliyosukwa kwa uzi mwembamba na kwa wingi. Ivute kwa vidole viwili, na kama matundu ni makubwa kuliko kidole gumba, rudisha. Shati la guayabera, ambalo baba yeyote wa Kiswahili atalivaa Idi au harusini bila kuambiwa limetoka wapi. Bonge la viungo vya biksa, limefungwa vizuri, na pilipili ya chupa. Vyote viwili viingie kwenye sanduku la kupakia, si mkoba wa mkononi, la sivyo watavichukua uwanjani. Asali ya Yucatán ni nzuri sana, ila ulizia kwanza kama forodha ya nchi unayopitia inairuhusu.